Maji ya Upande wa Magharibi

9 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Huku baridi inang'ata masikio, lakini mimi ni mzima, nakula, na koti ulilonipa bado linafunga vifungo vyote, kwa hiyo ukisikia nimenenepa usiamini. Vipi mguu wa mama? Baba huniandikia mistari mitatu tu, kama mtu anayekata kitambaa cha mwisho dukani. Nimebaki kubahatisha.

Chumba changu cha kazi kiko chini ya ngazi. Kina meza mbili: moja yangu, nyingine ya mashine ya kuchapia iliyokufa zamani ambayo hakuna anayethubutu kuitupa. Msimamizi wangu, yule tunayemwita Mzee Chupa kwa sababu hawezi kuipita chupa bila kusoma kibandiko chake, anasema nikimaliza mwaka huu nitapewa chumba chenye dirisha. Nimechoka kuijua hali ya hewa kwa viatu vya wenzangu.

Juzi alikuja mgeni, mtu mkubwa katika mambo ya maji ya ardhini. Akanipa mkono, akasema, "Nasikia unatoka kwa yule mama wa ramani." Nikamwambia ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea miaka yangu yote ya sekondari. Akavuta kiti, akakaa, akauliza habari zako mpaka chai ikapoa. Alipoondoka hakuwa ameniuliza mimi nafanya nini. Sikulaumu, Shangazi. Ila kila mlango ninaofungua, nakuta umeshapita na watu wamebaki wamekukodolea macho mgongoni.

Kuna jambo dogo nataka kukuuliza. Visima vya upande wa magharibi wa uwanda, vile vya karibu na machimbo ya kokoto, uliviteremshia kamba ya kupimia lini mara ya mwisho? Si haraka. Ukikumbuka, niandikie.

Chiriku wako.


2 Februari

Chiriku,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa pembe moja, kwa hiyo ulichoandika kuhusu chakula sikukisoma. Mguu wa mama yako umepungua uvimbe. Sasa anatembea hadi kwa jirani na kurudi na habari nyingi kuliko alizokwenda nazo. Hapa kituoni, kwenye ofisi ya maji, paa bado linavuja, na linavuja juu ya meza yangu tu. Mlinzi anasema nimeyasumbua maji mno huko chini, sasa yameamua kunifuata juu.

Habari kubwa ni kwamba halmashauri imeikubali ramani yangu ya maji ya ardhini. Watachimba visima virefu kumi na viwili, vyote upande wa magharibi, ambako mji unapanuka. Mhandisi wa mji alikuja mwenyewe, akaitandaza mezani, akaninyooshea mkono na kusema, "Mama, kazi yako ya maisha itaunywesha mji mzima." Nilitamani ungekuwepo umsikie.

Jumamosi nikapeleka sketi kwa baba yako aipunguze. Nikamkuta na wateja wawili, pini zimejaa mdomoni, na bado kila neno linasikika. "Binti yangu," anawaambia, "ndiye atakayefungua mkutano mkuu wa wataalamu wa maji mwisho wa mwaka. Atasema yeye kwanza, halafu ndio wengine wafuate."

Nimesimama hapo na sketi mkononi. Mkutano huo nimeuhudhuria mara nyingi kuliko nywele zangu nyeusi zilizobaki. Sijawahi kuombwa kuufungua. Mwaka mmoja niliombwa niwaonyeshe wageni njia ya kwenda kwenye ukumbi wa chakula. Nikamwambia baba yako hongera, nikaimeza kama kidonge bila maji. Wewe mwenyewe hukuniambia. Umeniandikia habari za viatu vya wenzako.

Halafu nikaona chini ya meza yake ya kukatia boksi la chupa tupu. Nikamuuliza ni za nini. Akasema, "Za dawa ya mama Chiriku." Nikamuuliza ni dawa gani inayonywewa kwa lita. Akatoa pini moja mdomoni, akaitazama, akairudisha.

Chupa zile nazijua. Zina kifuniko ndani ya kifuniko ili hewa isiyaguse maji. Unaniuliza mara ya mwisho nimepima lini upande wa magharibi. Mimi nauliza nani anapima sasa.

Shangazi yako.


1 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena, na samahani nyingi. Natumaini mnaendelea vizuri na kwamba mlinzi amepata bati la kuziba hapo juu. Mama amenitumia salamu kwa mkono wake, na mwandiko umenyooka, kwa hiyo nimeamini habari za mguu.

Chupa ni zangu. Nilimtumia baba, na nikamweleza kisima gani, ateremshe ndoo vipi, ajaze vipi. Amenijazia kutoka visima kumi na vinne na kunirudishia zote kwa posta. Hapa tuna mashine inayopima umri wa maji, yaani ni miaka mingapi imepita tangu yalipokuwa mvua. Hilo ndilo swali la utafiti wangu, na sikutaka kulijibu kwa kubahatisha.

Utasema kwa nini sikukuomba wewe. Nilitaka. Nilianza barua, nikaichana. Nilijua utasema "ngoja kidogo", kama ulivyosema nilipotaka kuja huku, na kama ulivyosema nilipotaka kwenda na wewe kazini likizo ile ya kidato cha tatu. Na mtu akisema ngoja kwa sauti yako, mimi hungoja. Safari hii sikuweza.

Habari za mkutano nilizificha kwa sababu nilikuwa natafuta maneno mazuri ya kukuambia. Baba hatafuti maneno, huyatoa tu.

Makala yangu nimeshaipeleka kwenye jarida. Itasomwa kwa siri na wahakiki wawili, ambao ndio watakaosema kama inafaa. Ikipita, nimemaliza shahada na chumba cha dirisha ni changu. Yaliyomo utayasoma ikitoka. Naona si adabu kuyaeleza kabla.

Nakupa pole za paa.

Chiriku.


28 Machi

Binti wa kaka,

Marahaba. Mama yako hajambo. Baba yako hajambo, na leo nitakueleza habari zake, kwa kuwa inaonekana mimi na wewe tunamjua kwa sura mbili tofauti.

Nilipopata kisima changu cha kwanza, mimi nilikuwa msichana pekee katika kundi la wapimaji. Wenzangu walitaka tuchimbe bondeni. Mimi nikasema hapana, tuchimbe chini ya kilima, mvua ya vilimani inanywewa na ardhi na kutembea chini kwa chini mpaka hapa. Tukachimba. Siku ya kuyapandisha maji tuliruhusiwa kualika ndugu. Nikamwalika mmoja tu, mdogo wangu, baba yako. Maji yalipanda hadi kwenye miguu ya wageni, watu wakaloa wakicheka, na mimi nikawa natazama barabara. Jioni akanipa jibu lake: alikuwa na suruali za harusi za kumalizia. Akaongeza, "Na hata hivyo, Dada, maji yako chini na Mungu anayajua. Wewe unayatafutia nini?"

Tangu siku hiyo sikumwalika tena, naye hakuuliza. Nimezeeka kwenye kazi hii na mtu huyo hajui nikifika kituoni nakaa kiti gani. Akinitambulisha kwa wateja husema, "Dada yangu, yuko serikalini."

Sasa nasikia amepiga magoti kwenye visima kumi na vinne. Kwa miguu ile ambayo haimpeleki hata sokoni.

Nilimfuata dukani. Nikamwambia, "Umekwenda machimboni kwa miguu?"

"Kwa baiskeli ya jirani. Kurudi nikaisukuma, chupa zisivunjike."

"Mimi nipo kilomita tano kutoka hapa, kazi yangu ndiyo hiyo, na hukuniambia."

"Mtoto alisema ni siri mpaka amalize."

"Na mimi? Miaka yote hii hukuwahi hata kuja kushika kamba."

Baba yako si mtu mbaya. Alisimamisha cherehani, akalifikiria swali kwa haki. Akasema, "Wewe ulikuwa unajua kila kitu, Dada. Yeye aliniomba."

Nikachukua sketi yangu nikaondoka. Ameipunguza mno, sivai.

Ulisema kuyaeleza yaliyomo kabla si adabu. Sawa. Na mimi nina adabu zangu. Nakutakia kazi njema.

Shangazi yako.


20 Juni

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Imepita miezi miwili na zaidi bila mwandiko wako. Nilimuuliza baba, akanijibu, "Yupo, amenuna, anakula." Nimefurahi kwamba unakula. Huku jua limerudi na watu wanalala kwenye nyasi za chuo kama nguo zilizoanikwa. Mimi bado niko chini ya ngazi.

Sina haki ya kukulalamikia wewe, lakini sina mwingine anayeijua kazi hii. Makala yangu imekwama. Mhakiki wa kwanza alijibu ndani ya mwezi, kwa maneno mazuri mpaka Mzee Chupa akayabandika mlangoni. Wa pili kimya. Mhariri amemkumbusha mara tatu, na kila mara anajibu kwamba bado anaisoma kwa makini. Bila neno lake jarida haliwezi kuamua, bila jarida chuo hakinipi shahada, na bila shahada watu wa mkutano wanaanza kuuliza kama wamwite mwingine.

Wenzangu wawili walioanza baada yangu wamemaliza. Mmoja amepewa kile chumba cha dirisha. Nilimsaidia kubeba vitabu vyake, nikamwambia kinampendeza. Halafu nikarudi kukaa na mashine mbovu, nikajisikia nimechacha.

Wewe unawafahamu wazee wa taaluma hii. Huwezi kumuuliza yeyote, kwa upole, watu kama huyo huwa wanangoja nini?

Niandikie, hata kama ni kwa kunigombeza.

Chiriku.


11 Julai

Mwanangu Chiriku,

Marahaba sana. Barua yako imenikuta na afya njema, na leo moyo wangu ni mwepesi. Mama yako ameanza kwenda kwenye vikao vya kina mama na ameshagombana na mweka hazina, kwa hiyo amepona. Paa limezibwa. Mtambo wa kuchimbia umefika mjini na visima viwili vya kwanza vya magharibi vimeshapigwa. Maji yametoka kwa nguvu mpaka mhandisi akapiga picha. Picha hiyo imetundikwa kwenye ukumbi wa halmashauri, na mimi nimo, pembeni kidogo.

Pole kwa uchovu wa kungoja. Wahakiki huchelewa, mwanangu, ndivyo walivyo. Wengine wana kazi nyingi, wengine wana wagonjwa, na wengine ni waangalifu tu. Usimchukie mtu kwa uangalifu wake. Maji ya ardhini hutembea polepole, na anayeyasoma naye hana budi kutembea nayo. Mtu anayesema maji yana umri wa miaka elfu tisa lazima avumilie kuulizwa chupa zilizibwa na nani. Fundi wa suruali ni fundi wa suruali. Hewa kidogo ikiingia, umri wote unaharibika, na mtafiti mchanga anajikuta amepiga kelele sokoni kwa habari isiyo ya kweli.

Kama mkutano utamwita mwingine, si mwisho wa dunia. Mimi nimeishi bila kuufungua, na unaniona.

Kula vizuri. Lala mapema.

Shangazi yako akupendaye.


5 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Elfu tisa.

Namba hiyo haimo kwenye barua yoyote niliyokuandikia. Baba sijamwambia, maana angeishona kwenye kola za wateja. Mama hajui hata kwamba maji yana umri. Imeandikwa mahali pamoja tu, kwenye ile makala, ambayo jina langu lilifutwa kabla ya kupewa wahakiki wawili. Wa kwanza amejibu. Wa pili amekaa nayo tangu Machi.

Sikuulizi, kwa hiyo usihangaike kujibu. Jina langu lilifutwa, lakini uwanda ule unaujua kuliko nyumba yako, na ulijua tangu ukurasa wa kwanza ni kazi ya nani. Ungemwambia mhariri, "Huyu ni damu yangu, mpeni mwingine." Mstari mmoja ungetosha.

Ulinigombeza kwa chupa nilizochukua bila kukuambia. Nilikubali kosa. Lakini mimi nilichukua maji, Shangazi, na wewe umechukua mwaka wangu.

Na si mimi peke yangu. Kama umeisoma kwa makini kama unavyomwambia mhariri, basi unajua inasema nini. Upande wa magharibi hakuna mvua ya vilimani. Katikati ya uwanda kuna ukuta wa mwamba chini kwa chini, na maji ya vilimani yanaishia hapo. Yaliyo ng'ambo ni akiba ya kale. Hakuna anayeiongeza. Watu watajenga nyumba, watapanda bustani, watazaa watoto juu ya visima hivyo kumi na viwili, halafu siku moja pampu zitavuta hewa. Umejua hayo tangu Machi, na umesimama kupigwa picha.

Nilikuwa nakuonea wivu tangu utotoni, nikidhani ndio adabu ya kumpenda mtu mkubwa. Sikujua na wewe unao.

Sina zaidi.


30 Oktoba

Chiriku,

Marahaba, ingawa safari hii shikamoo yako ilikuwa na miiba.

Nyumbani wazima. Baba yako alikuwa na mafua, yamekwisha. Mama yako amekuwa mweka hazina mwenyewe.

Ulisema huniulizi, basi kuna neno unalolisubiri ambalo halimo kwenye barua hii. Usilitafute. Nitakueleza nilichofanya tu.

Siku nne baada ya kupata barua yako nilitoka na kamba yangu ya kupimia, ile inayolia ikigusa maji, kwenda magharibi. Nisikudanganye, nilikwenda nikiwa na hamu ya kukukuta umekosea. Hamu hiyo ilinipa nguvu za magoti. Nikampitia baba yako, kwa sababu nilitaka aniambie mbele ya kila kisima jinsi alivyojaza.

Nilimwambia, "Njoo unishikie kamba." Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwomba. Akafunga duka, hakuuliza kitu. Njiani yeye alikuwa anapiga mluzi, na mimi nilikuwa nikiuchukia mluzi wake.

Kisima cha kwanza nikamwambia anionyeshe. Akaiosha chupa mara tatu kwa maji ya kisima hichohicho, akaizamisha mpaka ikafurika, akaifunga ndani ya ndoo, chini ya maji. Nikamuuliza, "Nani alikufundisha kufungia ndani?"

"Mtoto aliandika."

"Unajua ni kwa nini?"

"Sijui. Aliandika nifanye, nikafanya."

Tukaenda hivyo kisima hadi kisima. Kwa viwili kati ya vile kumi na vinne alikiri kwamba ndoo ilimponyoka, akajaza kwa kumimina. Nilifurahi, Chiriku. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Halafu nikakumbuka kwamba bado kuna kumi na viwili alivyojaza sawasawa, na furaha ikanyauka hapohapo.

Kisha nikateremsha kamba. Nilingoja ilie pale ilipokuwa ikilia siku zote, isilie. Nikaachia zaidi. Baba yako akasema, "Imekatika?" Nikamwambia anyamaze. Ililia chini sana, mbali na nilikoizoea. Nikaenda cha pili, cha tatu. Vilivyo karibu na mitambo mipya ndivyo vilivyoshuka zaidi. Kisima kinachojazwa na mvua hakishuki hivyo kwa pampu mbili za miezi michache.

Unajua kwa nini sikuliona mapema? Kwa sababu upande wa mashariki kuna barabara nzuri. Huko nilipima kila msimu. Magharibi nilipima mara chache, nikaona maji yapo, nikachora mshale mmoja mrefu kutoka vilimani hadi machimboni. Mshale ule ulikuwa mzuri machoni. Watu wote waliupenda, na mimi zaidi yao.

Nilikaa chini ukingoni mwa kisima. Baba yako akaketi pia, akangoja. Nikamwambia, "Mwanao amesema kweli na mimi nimekosea."

Akasema, "Eeh."

Nikamwambia, "Huna neno lingine?"

Akasema, "Nilijua hakosei. Tangu mdogo akikata kitu hupima kwanza."

Mimi ndiye niliyemfundisha kupima kabla ya kukata. Sikumwambia. Nilikuwa nimeumia vya kutosha siku hiyo.

Nikamwandikia mhariri. Nilitaja jina langu, nikataja kwamba mwandishi ni mtoto wa ndugu yangu na kwamba nililijua hilo tangu mwanzo, nikaeleza nilichokuta kwenye visima kwa kamba yangu mwenyewe. Nikamwambia sistahili kuwa mhakiki wa makala hii, atafute mwingine upesi. Najua amempata, kwa sababu amenijibu kwa ufupi ambao sijawahi kuandikiwa na mtu.

Baada ya hapo nikaenda kwenye kikao cha halmashauri. Mhandisi alikuwa anaomba idhini ya visima vilivyobaki. Nikasimama nikasema visimamishwe, na hata viwili vilivyokwisha kuchimbwa vivutwe kidogo kidogo. Akacheka, akasema, "Mama, ramani si ni yako?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Upande huu nimeuchora vibaya."

"Nani amesema?"

"Mtafiti aliyeyapima maji yenyewe. Na mimi nimekwenda kuhakikisha."

Diwani mmoja aliyeuza viwanja huko alinitukana, sitaandika alivyosema. Wakabishana mpaka jua likashuka. Wamesimamisha. Visima vipya vitachimbwa mashariki, na bomba litavutwa. Picha yangu imetolewa ukutani. Msumari bado upo.

Baba yako alikuwa amekaa nyuma. Nilipotoka alikuwa amezungukwa na watu, anawaeleza habari za mtafiti. Hakusema kwamba aliyesimama mbele alikuwa dada yake.

Nimefanya kwa ajili ya maji. Usichukue ziada.

Shangazi yako.


12 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Mama ameniandikia kwamba umekonda. Ivae sasa ile sketi.

Makala imetoka. Shahada wamenipa. Chumba cha dirisha kimeshachukuliwa, lakini mashine mbovu imetupwa. Niliitupa mwenyewe, na hakuna aliyeuliza.

Mkutano umefanyika. Nilijiandaa kwa wiki nyingi, nikasema mbele ya kioo mpaka jirani akagonga ukuta. Siku ikafika, ukumbi umejaa, nimekaa mbele na karatasi zangu mapajani. Mwenyekiti akasimama kunitambulisha. Badala yake akaanza kueleza habari alizosoma gazetini, kuhusu mtaalamu mmoja aliyekwenda mbele ya halmashauri na kuivunja ramani yake mwenyewe. Akasema katika maisha yake hajaona ujasiri kama huo. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukasimama. Kwa ajili yako, Shangazi, na wewe hupo. Baada ya hapo akasema, "Na sasa tumsikilize binti wa kaka yake."

Nilisimama na mimi, nikapiga makofi na wote. Ilibidi. Viganja viliniuma. Nikapanda jukwaani, nikasoma kurasa zangu, na waliponiuliza maswali, la kwanza lilikuwa kama hujambo.

Gazeti hilo nimelitafuta. Limeandika habari zako safu mbili. Mimi nimo mstari wa mwisho: "utafiti wa awali uliofanywa nje ya nchi".

Ulinichelewesha nusu mwaka, na aliyepigiwa makofi ni wewe. Mzee Chupa alinikuta nyuma ya ukumbi, akaniuliza nalia nini. Nikamwambia ni furaha. Akasema furaha yangu ina sura mbaya.

Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine sijaifikia, na sijui ni lini. Lakini nilitaka nikuambie mwenyewe kwamba niliona donge, kabla hujaambiwa na baba.

Chiriku.


6 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Tupo. Mwaka umeanza na upepo, na mama yako ameomba kikao cha dharura kwa sababu ya viti vya kikundi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale pa makofi nimepasoma mara zaidi, nisifiche. Nusu uliyonipa nimeipokea. Sikuombi ile nyingine.

Katikati ya mwaka huu nastaafu. Wakubwa walikuja kituoni kuniuliza nani akalie kiti changu, nimtaje mmoja tu. Sikukutaja. Najua utaumia, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho. Ningekutaja, watu wangesema maisha yako yote kwamba ulipewa na shangazi yako, na siku moja hata wewe ungeamini. Wakaniomba basi nikae kwenye kamati ya kuchagua. Nikakataa. Mkubwa wao akaniuliza sababu. Nikamwambia, "Yupo mtu wangu ambaye huenda akaomba. Mimi nikikaa mezani sitamtendea haki, ama kwa kumpendelea ama kwa kumbana, na sijui ningeanza na lipi." Wameandika hivyohivyo kwenye kumbukumbu za kikao.

Tangazo litatoka mwezi wa tatu. Ukiomba, omba kwa jina lako na kazi yako. Usipoomba, sitakuuliza.

Ukikipata kiti nitaona gere, nakwambia mapema ili siku ya kwanza usishangae uso wangu. Ukikikosa, nitakwenda ofisini kwao kuwauliza wana wazimu gani.

Shangazi yako.